Mbwa wa ulinzi anaharisha kila mara: Tafuta chanzo kwanza, dawa baadaye



Ndugu msomaji, huenda ukashangaa kuona safu ya afya na usafi ikizungumzia tumbo la mbwa. Lakini tuseme kweli. Waislamu wengi, mijini na vijijini, wanafuga mbwa kwa ajili ya kulinda nyumba, shamba au mifugo, na hilo ni jambo ambalo sheria imelitolea ruhusa panapokuwa na haja. Tatizo ni kwamba kwa kuwa tumezoea kumweka mbali kwa ajili ya najisi, basi hata akiugua tunamtazama kwa mbali. Akiharisha wiki, akaharisha mwezi, akaharisha miezi mitatu, tunasema, "Mbwa ndivyo walivyo."

Hapo tunakosea mara mbili. Kwanza, tunamdhulumu mnyama aliye chini ya mikono yetu. Wengi wetu tunakijua kisa alichokisimulia Mtume (s.a.w.) cha mtu aliyeteremka kisimani akamchotea maji mbwa mwenye kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe kwa tendo hilo. Pili, tunajidhuru wenyewe, kwa sababu kinyesi cha mbwa mgonjwa kinabaki uani pale pale watoto wanapochezea mchanga, na baadhi ya minyoo wanaomtesa mbwa wanaweza kuingia katika miili ya watoto hao.

Kwa hiyo leo, inshaallah, tutaeleza namna ya kutafuta chanzo cha maradhi ya tumbo ya mbwa yasiyokwisha. Neno letu kubwa ni moja: usibahatishe dawa. Tafuta chanzo kwa utaratibu, hatua baada ya hatua.

Mfano wa nyumba moja

Tuchukue mfano. Familia imeibiwa mbuzi, ikanunua mbwa wa kulinda, ikamwita Simba. Baada ya muda Simba anaanza kuharisha. Anakwenda haja mara tano, sita kwa siku, kidogo kidogo, anajikamua, na kinyesi kina ute na mara nyingine damu mbichi kidogo. Hamu ya kula anayo.

Baba wa nyumba ananunua kidonge cha minyoo kwenye duka la dawa za mifugo. Simba anapata nafuu siku chache, kisha hali inarudi. Mama anakumbuka flajili zilizobaki alipougua mtoto, zinatolewa. Nafuu tena, kisha inarudi. Jirani anashauri maji ya majani ya mpera. Mwingine anasema ugali ndio mbaya, apewe wali. Miezi mitatu inapita, fedha zinakwisha, Simba anakonda.

Je, ni lipi katika hayo lililosaidia na lipi halikusaidia? Hakuna ajuaye. Wametibu bila kujua wanatibu nini, na wamebadili mambo mengi kwa pamoja. Tuiache familia hii hapa kwa sasa. Tutarejea kwao mbele.

Kwanza tambua hali ya dharura

Kabla ya uchunguzi wa polepole, hakikisha hauna mgonjwa wa dharura. Mpeleke mbwa kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo ukiona mojawapo ya haya:

1. Mtoto wa mbwa, hasa wa umri wa wiki 6 hadi miezi 6, anatapika na kuharisha damu yenye harufu kali. Huo unaweza kuwa ugonjwa wa virusi vya pavo, ambao unaua haraka. Chanjo yake ipo.

2. Anatapika mfululizo na hapati choo, au tumbo limevimba na kukaza. Huenda kuna kitu kimeziba utumbo. Gunzi la mahindi, kokwa la embe na mifupa ni katika vitu ambavyo mbwa humeza.

3. Kinyesi ni cheusi kama lami. Hiyo ni damu iliyotoka juu, tumboni au mwanzoni mwa utumbo.

4. Ufizi umekuwa mweupe, mbwa amelegea, au ukivuta ngozi ya mgongoni na kuiachia hairudi haraka mahali pake. Hiyo ni dalili ya kupungukiwa damu au maji mwilini.

5. Anadondosha mate, anashindwa kumeza, sauti imebadilika au tabia imebadilika. Hapa tahadhari sana! Watu wengi hudhani mbwa huyu amekwamwa na mfupa, wakaingiza mkono mdomoni mwake. Huenda ni kichaa cha mbwa. Usimguse. Mfungie mbali na watu na uite mtaalamu. Akimuuma mtu, au mate yake yakiingia kwenye kidonda, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha mtu huyo awahi hospitali kupata chanjo. Dalili za ugonjwa huu zikishamtokea binadamu, karibu daima ni mauti.

Kama hakuna hata moja katika hayo, na mbwa ameharisha au kutapika mara kwa mara kwa wiki tatu au zaidi, basi hayo ni maradhi sugu. Sasa anza kutafuta chanzo.

Hatua ya kwanza: Andika unachokiona

Chukua daftari la mtoto lililobaki kurasa. Kwa wiki mbili andika kila siku: amekula nini na nani amempa, amekwenda haja mara ngapi, kinyesi kilikuwa kikavu, laini au maji, kulikuwa na ute au damu, ametapika au la. Mara nyingi daftari hili lina thamani kuliko kidonge chochote, kwa sababu swali la kwanza la daktari litakuwa juu ya mambo hayo hayo.

Kwenye kutapika, tofautisha mambo mawili. Kama tumbo linajikamua kwa nguvu ndipo chakula kinatoka, huko ni kutapika. Kama chakula kinarudi tu bila nguvu, kikiwa bado hakijasagika, tatizo huenda liko kwenye koo la chakula wala si tumboni.

Kwenye kinyesi, angalia namna. Mbwa mwenye tatizo la utumbo mwembamba huwa na kinyesi kingi kwa mara moja, hakwendi haja mara nyingi sana, na anakonda kwa sababu chakula hakiingii mwilini. Mwenye tatizo la utumbo mpana huenda haja mara nyingi, kidogo kidogo, anajikamua, na kinyesi huwa na ute au damu mbichi. Zipo hali ambazo sehemu zote mbili zimeguswa, lakini tofauti hii peke yake inapunguza sana orodha ya sababu. Rudi kwa Simba wetu: mara tano hadi sita, kidogo kidogo, ute na damu mbichi. Tayari tunajua pa kuanzia, nako ni utumbo mpana.

Hatua ya pili: Chunguza anachokula

Nyumba nyingi hudhani zinajua mbwa wao anakula nini. Uliza watoto, uliza dada wa kazi, uliza mlinzi. Utakuta asubuhi amepewa makombo ya pilau, mchana kala jalalani, na jioni jirani kamrushia mifupa. Angalia hasa mambo yafuatayo:

Maziwa. Mbwa wengi wakubwa hawawezi kusaga vizuri sukari iliyomo kwenye maziwa. Wakinywa, wanaharisha. Wapo wanaopona kwa kuachishwa maziwa tu.

Mafuta na viungo. Mafuta mengi ya nyama, ngozi ya kuku na masalia ya vyakula vya kukaanga huweza kuleta kuharisha, na hata uvimbe wa kongosho, ambao ni maradhi mazito. Vitunguu maji na vitunguu saumu ni sumu kwa mbwa, maana huharibu chembe nyekundu za damu. Kwa hiyo mchuzi wetu wenye ladha si chakula chake.

Mifupa iliyopikwa. Huvunjika vipande vyenye ncha, vikakwaruza au kutoboa utumbo, au vikakaukia ndani na kumzuia choo.

Unga uliovunda. Hapa tuna desturi mbaya ya kusema, "Unga huu umeota ukungu, haufai kwa watu, mpikieni mbwa." Ukungu wa aina fulani hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo huharibu ini, na haimalizwi kwa kupikwa. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki ya Kenya. Ini la mbwa nalo halina kinga nayo. Chakula kilichoota ukungu kisilishwe mtu wala mnyama.

Mabadiliko ya ghafla. Kumtoa mbwa kwenye ugali kumpeleka kwenye chakula cha dukani kwa siku moja kunatosha kumharisha. Badilisha kidogo kidogo kwa muda wa wiki nzima.

Hatua ya tatu: Kipimo cha kinyesi

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, nayo ni ya bei nafuu kuliko kununua dawa tano za kubahatisha. Ofisi nyingi za mifugo za wilaya na kaunti zinaweza kukuelekeza kwenye maabara. Aidha, vyuo vikuu vyenye hospitali za mifugo, kama Sokoine kule Morogoro na Chuo Kikuu cha Nairobi katika kampasi yake ya Kabete, hupokea wanyama wa nyumbani.

Kipimo chenyewe si kigumu kukielewa. Kinyesi kidogo huchanganywa na maji yenye chumvi au sukari nyingi. Mayai ya minyoo ni mepesi kuliko maji hayo, hivyo huelea juu. Mtaalamu huchukua kile kilichoelea na kukitazama kwa hadubini. Kila aina ya mnyoo ina yai lenye umbo lake.

Lakini zingatia sana: kipimo kimoja kisichoonyesha kitu hakina maana kwamba hakuna minyoo. Baadhi ya minyoo hutoa mayai siku hii, siku ile hawatoi. Vimelea vidogo viitwavyo giadia navyo huonekana leo na kesho visionekane. Mtoto wa mbwa naye anaweza kuugua kabla minyoo yake haijakomaa na kuanza kutaga. Kwa sababu hiyo peleka sampuli tatu za siku tofauti. Kila sampuli iwe ya kinyesi kipya, kiasi cha kijiko kidogo, kwenye chombo kisafi chenye kifuniko, isikae juani, na ifike siku hiyo hiyo.

Minyoo ya kuijua

Safura. Mnyoo huyu hung'ata utumbo na kunyonya damu. Watoto wa mbwa humpata kupitia maziwa ya mama yao, wakawa na ufizi mweupe na kinyesi cheusi. Vimelea vyake vikiwa mchangani hutoboa ngozi ya binadamu anayetembea peku, vikaacha michirizi myekundu inayowasha na kusogea chini ya ngozi. Watoto wanaocheza kwenye mchanga wenye unyevu, na hata wanaolala ufukweni, hupatwa na haya.

Minyoo mviringo. Ni mirefu na myeupe, na mtoto wa mbwa huzaliwa nayo kwa sababu humwingia akiwa tumboni mwa mama yake. Huwa na tumbo kubwa huku mwili umekonda. Mayai yake yakimezwa na mtoto wa binadamu, vimelea husafiri mwilini hadi kwenye ini, mapafu, na wakati mwingine jicho, vikadhuru uwezo wa kuona.

Minyoo mjeledi. Hawa hukaa mwanzoni mwa utumbo mpana. Dalili zao ni zile za Simba: ute, damu mbichi, kujikamua, nafuu ya siku chache kisha kurudi tena.

Tegu wa viroboto. Vipande vyake huonekana kama punje za mchele kwenye mkia au mahali mbwa alipolala. Mbwa humpata kwa kumeza kiroboto. Ukimpa dawa ya tegu ukaacha viroboto, umefanya kazi bure.

Tegu wa vifuko vya maji. Huyu anatuhusu sana Waislamu, kwa sababu ya machinjo ya nyumbani, hasa siku za Idd el-Hajj. Kondoo, mbuzi, ng'ombe au ngamia aliyeambukizwa huwa na vifuko vya maji kwenye ini na mapafu. Mchinjaji akiona ini bovu, mara nyingi humrushia mbwa. Mbwa akila likiwa bichi, tegu wadogo sana hukua utumboni mwake, na mayai yao hutoka na kinyesi. Mtu akiyameza, vifuko humea kwenye ini au mapafu yake kwa miaka mingi kimya kimya, na mara nyingi tiba huwa ni upasuaji. Turkana, kaskazini magharibi ya Kenya, ni katika sehemu za dunia zilizosumbuliwa sana na ugonjwa huu.

Jambo la hatari ni kwamba tegu huyu kwa kawaida hamharishi mbwa wala kumkondesha. Mbwa huonekana mzima kabisa. Kwa hiyo usisubiri dalili. Viungo vyenye vifuko vichomwe au vifukiwe shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua, na kama ni lazima mbwa apewe ini au mapafu, yachemshwe nusu saa na zaidi. Mbwa anayeishi karibu na mifugo au machinjio apewe dawa ya tegu, prazikwanteli, si chini ya mara nne kwa mwaka.

Kwa nini kidonge cha minyoo hakikumsaidia Simba

Sasa turejee kwa familia ile. Walipopeleka kinyesi mara ya kwanza, maabara haikuona kitu. Mara ya pili, hakuna. Mara ya tatu yakaonekana mayai yenye umbo la pipa dogo lenye vizibo huku na huku. Hayo ni mayai ya minyoo mjeledi.

Baba akauliza, "Mbona nilimpa dawa ya minyoo?" Jibu liko kwenye karatasi ya dawa. Kidonge alichonunua kilikuwa na piranteli peke yake. Dawa hiyo inaua safura na minyoo mviringo, lakini haiui minyoo mjeledi wala tegu. Prazikwanteli nayo inaua tegu, haiui hao wengine. Minyoo mjeledi wanahitaji dawa kama fenbendazoli au febanteli. Vipo vidonge vilivyochanganya dawa tatu kwa pamoja. Kwa hiyo usiulize dukani, "Mna dawa ya minyoo?" Uliza, "Dawa hii inaua minyoo gani?" Na pima uzito wa mbwa, kwani kipimo cha dawa hufuata uzito.

Jambo la pili ni kurudia. Yai la mnyoo mjeledi likimezwa, huchukua karibu miezi mitatu hadi mnyoo akomae na kuanza kutaga. Ndiyo maana tiba yake hurudiwa baada ya wiki tatu na tena baada ya miezi mitatu, kwa maelekezo ya daktari.

Jambo la tatu ni uwanja. Mayai ya minyoo hawa hukaa kwenye udongo miaka. Simba amefungwa mti ule ule kila siku, anajisaidia hapo hapo, na chakula chake kinawekwa hapo hapo. Hata angepewa dawa bora namna gani, angejiambukiza upya. Alipohamishiwa mahali pakavu penye jua, chakula chake kikawekwa kwenye chombo kilichoinuliwa, na kinyesi kikaokotwa kila siku, ndipo tiba ikashika.

Kama si minyoo

Ikiwa vipimo vitatu havikuonyesha kitu, wataalamu wengi huwapa mbwa dawa pana ya minyoo hata hivyo, kwa kuwa vipimo vinaweza kukosea. Asipopona, hatua inayofuata ni chakula cha majaribio. Tumbo la mbwa linaweza kukataa chakula kimoja alichokizoea, na chakula hicho ndicho kikawa chanzo.

Fanya hivi. Chagua nyama ya aina moja ambayo mbwa hajawahi kuila, na wanga wa aina moja. Kama miaka yote amekula ugali, dagaa na nyama ya ng'ombe, mpe nyama ya mbuzi au sungura iliyochemshwa na viazi au wali, bila mafuta, bila chumvi, bila viungo. Mpe kidogo kidogo mara tatu kwa siku. Asipewe kitu kingine chochote, hata kipande cha mkate. Kaya nzima lazima ikubaliane, maana mtoto mmoja mwenye huruma na chapati anaharibu jaribio zima.

Wengi wenye tatizo la chakula huanza kupata nafuu ndani ya wiki mbili. Akipona, mrudishie chakula cha zamani. Kuharisha kukirudi, umepata mshitakiwa wako. Lakini usimwache kwenye nyama na viazi peke yake kwa miezi mingi, kwani atakosa madini ya mifupa. Pata ushauri wa kukamilisha lishe yake.

Kama chakula nacho hakikusaidia, hapo ndipo vipimo vya damu vinapohitajika, ili kuangalia ini, figo na kongosho. Mbwa aina ya German Shepherd, ambao wengi huwapenda kwa ulinzi, wana uwezekano mkubwa wa kongosho kushindwa kutoa vimeng'enya vya kusaga chakula. Mbwa huyo hula kama ana njaa ya siku tatu, lakini anakonda, na kinyesi chake ni kingi, cha rangi hafifu na chenye mafuta. Dawa ya minyoo haitamsaidia kabisa, bali atahitaji vimeng'enya hivyo kwenye kila mlo. Hali kadhalika maradhi yanayoletwa na kupe yanaweza kumkondesha na kumwondolea hamu ya kula, nayo hutambulika kwa kipimo cha damu.

Dawa za kuepuka

Flajili na tetrasaiklini zisitolewe kwa mazoea. Flajili inaweza kukausha kuharisha kwa siku chache, kisha kukarudi, kama ilivyokuwa kwa Simba. Wakati huo imeua na vijidudu vyenye faida tumboni, na kuwazoesha vijidudu vibaya wasisikie dawa. Dawa za maumivu za binadamu kama ibuprofeni na diklofenaki huweza kumtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo. Dawa za ng'ombe na mbuzi nazo zisikadiriwe kwa macho. Na daima mbwa anayeharisha asinyimwe maji safi.

Usafi wa nyumba na watu

Ama kuhusu najisi, kila mmoja afuate alivyofundishwa na masheikh wake. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani yetu, chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Wanazuoni wa Maliki wana maelezo yao kuhusu utohara wa mbwa mwenyewe. Hapa hatufanyi fatwa. Tunachotaka kuongeza ni kwamba, kiafya, hatari kubwa ya minyoo haiko kwenye chombo peke yake. Iko kwenye udongo wa uani, kwenye vidole na kucha za watoto.

Kwa hiyo:

1. Okota kinyesi kila siku kwa chepe maalumu, kisha kifukie kwenye shimo refu mbali na kisima na bustani ya mboga. Mayai ya minyoo mviringo huhitaji kama wiki mbili na zaidi udongoni kabla ya kuweza kuambukiza, na ya safura huhitaji siku chache tu. Anayeokota kila siku amewawahi wote wawili. Mayai ya tegu wa vifuko yeye huwa tayari tangu yanapotoka, kwa hiyo anayeokota asiguse kwa mkono mtupu.

2. Mbwa awe na vyombo vyake, visioshwe pamoja na vya jikoni.

3. Watoto wavae viatu uani, wakate kucha, na wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Mboga na matunda yaoshwe vizuri.

4. Watoto wa mbwa wapewe dawa ya minyoo kuanzia umri wa wiki mbili, kisha kila baada ya wiki mbili hadi wiki ya nane, pamoja na mama yao.

5. Chanjo ya kichaa cha mbwa isikosekane, hata kama mbwa hatoki nje ya geti.

6. Mtoto akiwa na michirizi inayowasha ngozini, au jicho moja limepungua kuona, mpeleke hospitali na umwambie daktari kuwa nyumbani kuna mbwa. Neno hilo moja linaweza kumfupishia daktari safari ndefu.

Ndugu msomaji, mbwa hana ulimi wa kusema panapomuuma. Kinyesi chake, daftari lako na hadubini ya maabara ndivyo vitakavyosema kwa niaba yake. Ukimfunga getini akulinde usiku kucha, basi haki yake ni kulishwa kisichomdhuru, kunyweshwa, na kutafutiwa sababu ya maradhi yake. Na katika kutimiza haki hiyo, utakuwa umewalinda watoto wako pia.

Wabillahi tawfiq.